Nyasi ni Zako, Paa si Wako: Ardhi Binafsi, Wanyamapori na Maadili ya Uwindaji

Katika vikao vya elimu kwa umma ambavyo ofisi yetu huviendesha Mombasa na kaunti jirani, swali linalorudi kila mara ni la vijana waliotazama kwenye simu video za Wamarekani wakipiga picha na kulungu waliyemwinda. Iwapo taifa lile linawaruhusu raia wake kuwinda kwa kulipia leseni, mbona mkulima wa Kwale akimnasa paa anayemaliza kunde zake hupelekwa mahakamani? Swali hilo ni la haki, na kumjibu mtu kwamba sheria imekataza, basi, ni kumfukuza tu.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe si jamaa wa karibu wa paa wetu: pembe za dume huanguka na kuota upya kila mwaka, ilhali pembe za paa, pongo na palahala hudumu maisha yote, na kusini mwa Sahara jamii hiyo ya kulungu haipo kiasili. Waliotafsiri Zaburi walimwita mnyama wa jamii hiyo ayala, jina ambalo wengi wetu tumelisoma tangu utotoni bila kumwona mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu huyo wa Marekani alikaribia kumalizwa na wawindaji waliouza nyama yake sokoni; leo wanakadiriwa kuwa milioni 30 hivi. Walirejea kwa sababu biashara ile ilikomeshwa, misimu ya uwindaji ikawekwa, na tangu 1937 kodi ya bunduki na risasi ikaelekezwa kwenye uhifadhi. Ila waliporejea, mbwamwitu na puma walikuwa wameshafyekwa katika sehemu kubwa ya mashariki ya nchi ile, na kulungu asiye na wa kumla huzaana hadi akamaliza miche ya msituni, akafa kwa njaa wakati wa baridi au akagongwa na magari. Hapo ndipo hoja ya mwindaji inapopata uzito, kwa kuwa anafanya kazi iliyokuwa ya mbwamwitu.

Hata huko, leseni haimalizi maswali. Mwindaji mwadilifu hafyatui risasi asiyokuwa na hakika nayo, humfuata mnyama aliyemjeruhi hata giza likiingia, haingii katika ardhi ya mtu bila ruhusa, na nyama haitupi. Wapo pia matajiri wanaolipia kumpiga kulungu aliyefugwa ndani ya ua mrefu asioweza kuuruka. Kwa maoni yangu, hilo ni kuchinja kwa mbali.

Huku kwetu hali ni nyingine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikapiga marufuku biashara ya nyara za wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ikayashikilia makatazo hayo, pamoja na kukataza kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Chini ya mfumo huu mnyamapori yuko katika dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi wote, hata akiwa amezaliwa nyuma ya nyumba yako. Mzee mmoja mwenye ekari kadhaa karibu na hifadhi ya Shimba Hills, Kwale, aliwahi kuniambia, "Mwalimu, hawa wamezaliwa kwangu, wanakula kwangu, wakivunja ni hasara yangu, iweje wawe wa serikali?" Nilimjibu, "Mzee wangu, nyasi ni zako, paa si wako," naye akacheka, lakini hakuridhika, na sikumlaumu. Sheria hiyohiyo imetaja fidia, ikiwemo shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama aliyeorodheshwa, ila mwenye kunde zilizoliwa anajua jinsi madai yanavyokawia.

Tena ni lazima tuseme ukweli kwamba kuizuia bunduki hakukutosha. Utafiti wa idadi ya wanyama katika nyanda za malisho za Kenya ulionyesha kwamba kati ya 1977 na 2016, yaani katika miaka ileile ya marufuku, wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Takriban asilimia 65 ya wanyamapori wa nchi hii wanakadiriwa kuishi nje ya mbuga na hifadhi za taifa, katika ardhi za watu na jamii. Kwa hiyo uamuzi mkubwa kuhusu maisha ya paa unafanywa na mwenye shamba, anapoamua wapi afyeke, wapi aache kichaka, na nani aingie kwake na mbwa.

Kinachoua zaidi kimyakimya ni kitanzi. Siku moja tukipita kwenye kichochoro cha wanyama pembeni mwa shamba la yule mzee, tulikuta waya wa klachi ya pikipiki umefungwa kwenye shina la mkwaju mchanga, duara lake kama sahani, likiwa usawa wa goti. Gome la mkwaju lilikuwa limechubuliwa mduara mzima, na udongo chini yake umepondwa kwa kwato. Funo, paa mdogo wa msituni, alikuwa bado humo, ameshaoza, aliyetega hakurudi. Kitanzi hakichagui jike mwenye mimba wala mbuzi wa jirani. Kwa Waislamu wa pwani yetu kuna jambo lingine lililo wazi: Surat al-Maida, aya ya 3, inamtaja mnyama aliyenyongwa miongoni mwa walioharamishwa, asipodirikiwa kuchinjwa akiwa hai. Nyama hiyo ni kibudu, na anayeiuza mjini hamwambii mnunuzi. Wala daktari wa mifugo hajaikagua, na kimeta hakijulikani kwa kutazama rangi ya mnofu.

Mwenye ardhi afanye nini basi? Mfano tunao hapa Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika machimbo ya saruji yaliyokuwa jangwa la matumbawe. Kati ya aina 26 alizojaribu, 3 tu ndizo zilizostahimili, mvinje ukiwemo. Majani ya mvinje hayakuwa yakioza upesi, hivyo akaleta jongoo wakayala na kuyageuza kuwa mboji. Udongo ulitangulia, wanyama wakaja baadaye. Shambani utaratibu ni uleule: acha ukanda wa vichaka vya asili kando ya kijito na kati ya shamba na msitu, pumzisha malisho kwa zamu, ng'oa lantana, kichaka vamizi cha kigeni, na uangalie mwarobaini, ambao tunaupenda kwa dawa lakini unavamia misitu ya pwani. Ua nao una siri zake. Waya wa chini usiwe na miiba na uinuliwe kiasi cha paa kupenya. Waya wa umeme ukikaribia ardhi huua kobe na kakakuona, kwa kuwa wao wakishtuka hujikunja palepale badala ya kukimbia.

Ukizungushia ua eneo lisilo na simba wala chui, utakutana na swali la Wamarekani: wakizidi, tutawapunguzaje? Mwaka 2005 KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori, ilianza kuwahamisha tembo kutoka Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki, kazi ya malori, dawa za usingizi na fedha nyingi. Wenye ardhi wa Mwaluganje, jirani na Shimba Hills, walitumia njia nyingine katika miaka ya 1990: waliunganisha mashamba yao ili tembo wapite, wakagawana mapato ya lango, yaani ada za kiingilio za watalii. Mapato hayo hupanda na kushuka kama watalii wenyewe, na asiyewaambia watu hilo mapema anawadanganya.

Wakati wa mvua tunapigiwa simu nyingi kuhusu mtoto wa paa "aliyeachwa" kichakani. Hajaachwa. Mama humficha mchana, akala mbali kidogo, kisha akarudi kumnyonyesha. Msimguse wala msimpe maziwa ya ng'ombe; fungeni mbwa, na mrudi kwa njia mliyojia.