Mto Ukikauka, Mvua Si Shahidi Pekee: Dhana Potofu Kuhusu Ukame wa Mito

Dhana iliyozoeleka kuliko zote ni kwamba mto ukikauka, basi mvua imekosekana. Ruaha Mkuu, kusini mwa Tanzania, unaikanusha. Zamani mto huu ulitiririka mwaka mzima, lakini tangu mwishoni mwa 1993 umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hata katika miaka ambayo mvua ya nyanda za juu haikuwa haba. Maji yake hupita kwanza katika bonde la Usangu, ambako mabanio huyachepusha kwenda mashamba ya mpunga, kisha huingia katika ardhioevu ya Ihefu na kutokea Ng'iriama kwa kuvuka kizingiti cha mwamba. Kina cha Ihefu kikishuka chini ya kizingiti hicho, hata kwa kiasi kidogo, hakuna maji yanayoendelea kuelekea hifadhini, ingawa Ihefu yenyewe haijakauka. Anayekadiria hatari kwa kutazama mvua peke yake atakosea. Na anayechanganya takwimu za kabla na baada ya 1993, bila kwanza kurudisha katika hesabu maji yaliyochepushwa, atakosea zaidi.

Dhana nyingine ni kwamba ukame wa "mara moja katika miaka 10" ukishapita, tumepata nafuu ya miaka 9. Sivyo. Kila mwaka uwezekano wake ni asilimia 10, hata kama mwaka jana ulitokea, na ndani ya miaka 10 uwezekano wa kuupata angalau mara moja ni takriban asilimia 65. Hesabu hiyo nayo huchukulia kwamba mwaka mmoja mbaya hauvuti mwingine, ilhali Pembe ya Afrika ilikosa mvua za kutosha kwa misimu 5 mfululizo kati ya 2020 na 2022.

Wapo pia wanaoamini kwamba kipimo kinachofaa mito isiyokauka kinafaa kila mahali. Kipimo kinachotumika sana ni kiwango cha maji ambacho mto hukifikia au kukizidi katika asilimia 95 ya siku. Mto ukikauka kwa zaidi ya siku 18 kwa mwaka, kiwango hicho huwa sifuri, hivyo mto uliokatika wiki 3 na uliokatika miezi 3 huonekana sawa, jambo ambalo hakuna mfugaji atakayelikubali. Katika maeneo ya nusu ukame siku za sifuri zisifutwe kwa sababu zinavuruga hesabu. Zichambuliwe peke yake, zinaanza lini na zinadumu kwa muda gani. Anayesoma kina cha maji mtoni anapoandika sifuri, aandike pia kama madimbwi yamebaki, maana ndiyo yanayowahifadhi samaki na viboko mpaka mvua zirudi.