Maana ya mradi wa matumizi mchanganyiko katika mtaa wa soko wa zamani

Mradi wa matumizi mchanganyiko ni uendelezaji wa kiwanja kimoja, au viwanja vinavyopakana, ambamo makazi, biashara na pengine ofisi hukaa pamoja chini ya mpango mmoja. Ghorofa lenye maduka chini halistahili jina hilo kwa sababu hiyo pekee. Ni lazima ngazi, maji, taka, upakuaji wa mizigo na saa za shughuli ziwe zimepangwa kwa kuwafikiria wote watakaolitumia jengo.

Mjini Moshi jambo hili si geni. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, mji mpya ulikua karibu na stesheni, chini ya Old Moshi iliyoko mlimani, na wafanyabiashara wenye asili ya India wakajenga nyumba zenye duka mbele, familia ikiishi nyuma au juu, na baraza iliyoezekwa ikiwakinga wapita njia dhidi ya jua na mvua. Katika baraza za namna hiyo mafundi cherehani wameweka mashine zao hadi leo, bila mchoro wowote wa mipango miji kuwatengea nafasi. Mbunifu aliyepewa kiwanja karibu na Soko Kuu angefanya vyema kuanza na baraza kabla ya kuhesabu ghorofa.

Sehemu ya chini ndiyo inayoamua kila kitu. Mtaa wa soko huishi kwa fremu nyembamba na nyingi, ambazo mtu mwenye mtaji mdogo anamudu kodi yake. Mwendelezaji akiunganisha viwanja vitatu au vinne, akaweka ukumbi mmoja mpana wa vioo kwa ajili ya benki au supamaketi, atakuwa ametimiza matumizi mchanganyiko kwenye karatasi, ilhali muuza vifungo na nyuzi, duka la pembejeo na mama lishe wameshaondoka. Upana wa fremu, kwa maoni yangu, ni uamuzi wa kiuchumi kabla ya kuwa wa usanifu, na ni bora kujenga fremu ndogo zenye kuta zinazoweza kubomolewa mpangaji anapokua kuliko kujenga ukumbi mkubwa ukisubiri mpangaji tajiri.

Wakazi wa juu wanahitaji mlango na ngazi zao, ili mtoto anayetoka shule asipite katikati ya magunia ya viazi, na Fuso linalopakua ndizi alfajiri lisizibe njia yao. Kwa kuwa viwanja vya zamani mara nyingi ni vyembamba na virefu, na majengo hugusana ubavuni, ua wa katikati ndio huleta mwanga na hewa. Ukifunikwa ili kuongeza vyumba vya kupangisha, vyumba vya ndani huwa giza.

Upande wa sheria una mtego wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1863, na mji uliozaliwa na reli hauna jengo la umri huo. Hifadhi hutegemea tamko la waziri au masharti ya upangaji. Aidha, mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha nchini, ambayo sehemu yake baadaye iliangukia Shirika la Nyumba la Taifa, hivyo anayelitumia jengo na anayeamua hatima yake mara nyingi ni watu wawili tofauti. Uso wa zamani unaweza kubakizwa, sehemu ndefu zaidi ikarudishwa nyuma ya mstari wa barabara. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo nayo inaruhusu kila nyumba ya juu kuuzwa kwa hati yake.

Kipindi cha ujenzi husahauliwa mno. Mfanyabiashara wa soko akihamishwa mbali kwa miaka miwili hupoteza wateja, kwa hiyo eneo la muda lililo jirani, na haki ya kurudi iliyoandikwa kwenye mkataba pamoja na kiwango cha kodi, ni sehemu ya usanifu sawa na nguzo na zege.