Kichwa na tela visiwani: kabla ya kukodi, hesabu siku

Hapa Unguja karibu kila mtu anaujua mkataba wa bodaboda. Kijana anachukua pikipiki ya tajiri, anapeleka fedha kila siku, na baada ya mwaka na kitu kadi inabadilishwa jina, pikipiki inakuwa yake. Mpango huu umewainua vijana wengi. Ndiyo maana mtu akisikia kuna semi, yaani kichwa cha lori na tela lake, inakodishwa kwa mkataba, moyo unamwambia ni mambo yale yale, ukubwa tu ndio umezidi. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Katika kazi yangu ya ushauri wa fedha kwa wafanyabiashara wadogo nimesoma mikataba ya malori ambayo aliyeitia saini hakuwa anajua kama mwisho wake lori litakuwa lake au atalirudisha. Alilokuwa na hakika nalo ni kwamba kila tarehe 5 anatakiwa alipe.

Neno "kukodi" linabeba mambo tofauti, na uyatenganishe kabla hujashika kalamu. Upo ukodishaji wa matumizi tu: unalitumia lori miaka miwili au mitatu, unalirudisha, na mara nyingi mwenye lori ndiye anayeshughulikia matengenezo. Upo wa kuishia kumiliki: kodi ni kubwa zaidi, matengenezo yote juu yako, na malipo yakikamilika lori linahamia kwako. Halafu upo wa siku au wa safari, ambao watu wa mjini wanaudharau kwa kuwa kwa hesabu ya siku moja unaonekana ghali. Mimi siudharau, na sababu nitaieleza.

Ushauri mwingi unaopatikana kuhusu malori umeandikwa kwa ajili ya barabara ndefu. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma linakwenda zaidi ya kilomita 900 kwa upande mmoja. Huko kila kitu kinapimwa kwa kilomita: mafuta, tairi, oili, hata kodi yenyewe. Sasa tazama kwetu. Kutoka Malindi, bandarini mjini Unguja, mpaka Nungwi, ncha ya kaskazini, ni kilomita 60 hivi, na Pemba nzima, kutoka ncha hadi ncha, urefu wake ni kama kilomita 67. Kontena linalotolewa bandari ya Malindi kwenda Maruhubi halifiki hata kilomita 10. Lori la Unguja linaweza kufanya kazi mwaka mzima na kilomita zake zisifike za miezi michache ya lori la Tunduma.

Lakini kodi ya mwezi haijali umekwenda wapi. Tarehe 5 inafika vile vile. Kwa hiyo kipimo chetu ni siku: katika siku 30 za mwezi, ngapi lori limepakia na kulipwa, na ngapi limesimama chini ya mwembe.

Na siku za kusimama ni nyingi kuliko mtu anavyojipangia. Masika, Machi mpaka Mei, ujenzi unazorota na barabara za ndani zinazoelekea kwenye machimbo ya mchanga na kokoto hazipitiki kwa gari nzito. Kusi ikishika, meli za Pemba huchelewa, na lori lililopangiwa mzigo wa bandari ya Mkoani linakaa. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi zinapungua. Kuna foleni ya kutoa kontena, kuna karatasi za forodha ambazo hazijakamilika, kuna siku mchanga haupatikani kwa sababu kibali hakijatoka. Ikiharibika klachi au pampu, spea mara nyingi inasubiriwa kutoka Dar, na siku mbili za fundi zinageuka wiki.

Tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, wewe weka za kwako.

Tuseme kichwa na tela vilivyotumika vinauzwa shilingi milioni 120. Taasisi inanunua na kukuuzia kwa murabaha, yaani kwa bei iliyonunulia pamoja na faida mliyokubaliana. Unatanguliza milioni 40, zinabaki 80, ambazo zinaongezewa faida ya asilimia 12 ya kiasi hicho kwa kila mwaka, kwa miezi 36. Faida ni milioni 28.8, deni lote milioni 108.8, na kila mwezi unalipa kama milioni 3.02. Wengi wanaishia hapo, wanaona milioni 3 wanaimudu. Hawajagusa tairi. Semi ya kawaida ina matairi 22: 10 ya kichwa na 12 ya tela lenye ekseli tatu. Kila moja likiwa shilingi 650,000, seti nzima ni milioni 14.3, na ikidumu miaka miwili unatakiwa uweke kando kama 600,000 kila mwezi. Bima kubwa tuseme 350,000 kwa mwezi, oili na sevisi 400,000, na fungu la matengenezo makubwa 500,000. Jumla ya mwezi inafika milioni 4.87, kabla ya dizeli, dereva na utingo.

Upande wa pili, mtu anakukodishia lori kama hilo kwa milioni 4.5 kwa mwezi, bima, tairi na matengenezo vikiwa juu yake. Kwa miezi 36 utamlipa milioni 162, na ukimaliza unarudisha funguo.

Aliyenunua ametoa milioni 40 za mwanzo, na miezi 36 ya milioni 4.87, jumla milioni 215 na ushei. Lakini lori analo. Akiliuza milioni 60, gharama yake halisi ni kama milioni 155. Amemshinda aliyekodi kwa milioni 6 na nusu hivi. Kwa miaka mitatu, tofauti hiyo ni ndogo mno kuliko watu wanavyodhani wanapobishana barazani.

Na yenyewe inaweza kugeuka. Kwetu lori halizeekeshwi na kilomita, linazeekeshwa na chumvi. Upepo wa bahari haulali, na tela linalobeba mchanga wenye unyevu bila kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi linaliwa na kutu kuanzia kwenye viungo vya chesisi, mahali ambapo rangi mpya inaficha. Ikiwa mwaka wa tatu mnunuzi anachungulia chini na kukupa milioni 45 badala ya 60, gharama yako inapanda kufika milioni 170, na sasa aliyekodi ndiye amekuzidi, kwa zaidi ya milioni 8. Kwa hiyo anayenunua ananunua na kazi ya kuosha, kupaka grisi na kukagua chini ya gari kila wiki. Asiye na mtu wa kuifanya kazi hiyo kwa moyo, bora akodi.

Turudi kwenye siku. Tuseme siku moja ya kazi, ukishaondoa dizeli, dereva na utingo, inakuachia shilingi 300,000. Aliyekodi kwa milioni 4.5 anahitaji siku 15 kamili za kazi ili amlipe mwenye lori tu, na riziki yake mwenyewe inaanza siku ya 16. Aliyenunua kwa deni anahitaji siku 17. Lakini deni likiisha anabakiwa na gharama za milioni 1.85 kwa mwezi, ambazo siku 7 zinazimaliza. Hapa ndipo ninapoiona faida ya kweli ya kumiliki. Mwenye lori lisilo na deni anaweza kuipita masika akiwa na kazi mbili kwa wiki, asiuze kiwanja wala kukopa kwa jirani. Aliyekodi kwa kodi ya mwezi isiyobadilika hawezi.

Kwa sababu hiyo swali langu la kwanza kwa anayekuja kuuliza huwa ni la mzigo: una mzigo wa nani, na umeandikwa wapi? Ahadi ya mdomo ya mkandarasi kwamba "kazi ipo tele Fumba" haitoshi kukufunga miaka mitatu. Mwenye mkataba wa maandishi wa siku 20 kwa mwezi anaweza kukodi au kununua kwa utulivu. Asiye nao namshauri akodi kwa siku kwanza, hata ikiwa ghali, kwa muda unaojumuisha masika moja, na aandike kwenye daftari kila siku iliyolipwa na kila siku iliyolala. Daftari hilo litamsaidia pia akienda kuomba fedha.

Wengi wetu tunataka kukwepa riba, na hapa ijara, yaani ukodishaji wa Kiislamu, ina nafasi kubwa. Ninazungumza kama mtu wa fedha, fatwa muulize sheikh wako. Kwa misingi inayofuatwa na taasisi za fedha za Kiislamu, anayekodisha ndiye mmiliki, na umiliki una mzigo wake: takaful (bima ya Kiislamu) na matengenezo makubwa ya lori lenyewe ni juu yake, wewe unabeba matunzo ya kila siku. Kodi haianzi kuhesabiwa kabla hujakabidhiwa lori linalofanya kazi. Lori likiungua au kuzama baharini bila ya uzembe wako, kodi inakoma. Faini ya kuchelewa haiwi faida ya mkodishaji, inapelekwa kwenye sadaka. Na ahadi ya kukuhamishia umiliki mwisho wa muda inaandikwa peke yake, haichanganywi ndani ya mkataba wa kukodi.

Nimeyataja haya kwa kirefu kwa sababu nimekutana na karatasi iliyoandikwa "Ijara" juu, na chini yake kila mzigo umetupiwa mkodi: bima yake, injini ikifa yake, kodi inaanza siku ya saini hata kama lori bado lipo kwenye meli. Jina la Kiarabu halibadilishi kilichomo. Soma kila kifungu ukijiuliza: lori likifa kesho asubuhi, nani analipa?

Jambo jingine nalichukua kutoka mbali. Huko Marekani kuna madereva wengi wanaokodishiwa lori kwa kuishia kumiliki na kampuni ile ile inayowapangia mizigo. Kampuni ikipunguza mizigo, dereva anashindwa kulipa, lori linachukuliwa, na fedha alizokwisha kutoa zinapotea. Lori hilo hilo linapewa mwingine. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 iliagiza kiundwe kikosi maalumu cha kuchunguza ukodishaji wa malori, na Januari 2025 kikosi hicho kilipendekeza Bunge lao lipige marufuku mipango ya namna hiyo inayoendeshwa na kampuni za usafirishaji. Nchi yao ina barabara za maelfu ya kilomita na mahakama za kila aina, na bado dereva alikandamizwa kwa sababu mtu mmoja alishika lori na mzigo pamoja. Hapa kwetu, kisiwa chenye wateja wakubwa wachache, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Mkandarasi akikukodishia lori lake na kukuahidi kazi zake mwenyewe, dai kifungu kinachosema kuwa asipokupa siku kadhaa za kazi kwa mwezi, kodi inapungua kwa kiasi hicho. Akikataa, amekuambia kitu muhimu kabla hujatoa shilingi.

Kadi ya gari nayo iangaliwe. Lori unalokodishiwa kwa kuishia kumiliki linaweza kuwa limewekwa rehani benki na tajiri wako. Yeye akishindwa kulipa huko, benki inalichukua, na risiti zako za miaka miwili haziizuii. Omba kuona kadi halisi, si kivuli, na omba barua ya benki inayosema lori halina deni au inayokubali mkataba wako. Ikiwa umepanga lori livuke bahari kwenda Bara, ulizia kabla kuhusu namba ya usajili na kodi ya serikali, maana lenye namba ya Z ya Zanzibar na lenye namba ya T ya Bara hayatazamwi sawa pande zote mbili.

Kwa wenye kampuni zinazofunga hesabu kwa viwango kamili vya kimataifa (IFRS), kukodi kwa zaidi ya miezi 12 hakufichi deni tena. Tangu Januari 1, 2019 wajibu wa malipo hayo ya kukodi unaingizwa kama deni kwenye mizania, yaani hesabu ya mali na madeni, na benki itauona. Anayekodi kwa kudhani ataonekana hana deni atapata mshangao akiomba mkopo mwingine. Weka pia risiti zote za kukodi, mafuta na tairi, kwa sababu TRA, mamlaka ya mapato, ikija kukadiria kodi ya mapato, gharama isiyo na risiti ni vigumu kuitetea.

Siku ya kukabidhiwa lori nenda na fundi wako, si wa mkodishaji. Lipelekeni lori mahali pa jua, fundi aingie chini na nyundo ndogo, agonge chesisi ya tela kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kinatoa sauti nzito. Pigeni picha kila tairi na namba yake, kila mkunjo wa bodi, na saa ya kilomita, muandike yote kwenye karatasi mbili na mashahidi wa pande zote waweke saini. Siku ya kurudisha, karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama dhamana yako inarudi au inabaki kwa tajiri.