Kokwa la parachichi na presha: yanayosemwa na yanayojulikana

Dhana: Unga wa kokwa la parachichi unatibu presha, kwa sababu kokwa lina antioksidanti (kemikali zinazopunguza uharibifu wa seli unaoletwa na oksijeni) nyingi kuliko nyama ya tunda lenyewe.

Ukweli: Kwamba kokwa lina antioksidanti nyingi ni kweli, lakini hilo halilifanyi kuwa dawa. Ukipasua kokwa bichi kwa kisu, weupe wake hugeuka rangi ya chungwa ndani ya dakika chache, kwa kuwa polifenoli zilizomo, yaani kemikali za mimea zenye nguvu ya antioksidanti, zimekutana na hewa. Jamii hiyo hiyo ya kemikali ndiyo inayoleta ukakasi mdomoni. Maabara huzipima kwa kutia maji ya kokwa lililosagwa katika kimiminika cha zambarau, na kadiri zambarau inavyofifia ndivyo nguvu ya antioksidanti inavyohesabiwa kuwa kubwa. Kipimo hicho ni sahihi, ila kinaeleza yanayotokea katika chupa. Mwilini, polifenoli zenye molekuli kubwa hazipenyi ukuta wa utumbo, bakteria wa utumbo mpana huzivunjavunja, na kidogo kinachopenya hubadilishwa na ini kabla hakijasambaa katika damu. Ndiyo maana mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la alama za antioksidanti za vyakula, ikieleza kwamba alama hizo hazionyeshi athari yoyote kwa afya ya mlaji na kwamba wauzaji walikuwa wakizitumia vibaya.

Wapo panya wa maabara walioshuka kolesteroli kwa kulishwa unga wa kokwa hili, na habari hiyo inastahili kufuatiliwa. Hata hivyo, panya si mgonjwa wa presha, na bado hakuna jaribio kubwa kwa binadamu lililoonyesha kwamba unga huo unakinga moyo.

Dhana: Antioksidanti zikizidi, moyo nao unazidi kuwa salama.

Ukweli: Nchini Uingereza, watu zaidi ya 20,000 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo walifuatiliwa kwa miaka 5, nusu yao wakimeza kila siku vitamini C, vitamini E na beta-karotini, ambazo zote ni antioksidanti. Matokeo yalitoka mwaka 2002: mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Nchini Finland, utafiti uliotangazwa mwaka 1994 ulikuta saratani ya mapafu nyingi zaidi kwa wavutaji sigara waliopewa beta-karotini.

Dhana: Ni mbegu ya tunda, haiwezi kudhuru.

Ukweli: Kuwa mbegu ya tunda si uthibitisho wa usalama: mbegu ya ndani ya kokwa la aprikoti, tunda la jamii ya pichi, hutoa sianidi, ambayo ni sumu kali, ikitafunwa.

Kinachonitia hofu hasa ni mgonjwa anayeacha vidonge akabaki na unga wa kokwa, kwa sababu presha hupanda bila maumivu na wengine hugundua siku ya kiharusi. Nyama ya parachichi, yenye mafuta mazuri, potasiamu na nyuzinyuzi, mgonjwa aile kwa raha, isipokuwa kama figo zake ni dhaifu na daktari amemzuia potasiamu. Aliyekwisha kuanza kunywa unga amweleze daktari wake bila kuficha, na asiache vidonge kwa kuona kipimo kinasoma vizuri, maana huenda ndivyo vilivyokishusha.