Karatasi Inapokunywa Wino

Wengi wakitazama mchoro wa wino wa Kichina huona mlima na ukungu. Mimi, baada ya miaka mingi ya kuchora na kufundisha, huanza na karatasi. Karatasi hiyo, iitwayo xuan, hutengenezwa Jing, mkoani Anhui, China, kwa magome ya mti uitwao qingtan na mabua ya mpunga. Isipotiwa shabu, hunywa wino papo hapo. Brashi ikisita kidogo tu, doa limeshatanuka na kuacha ukingo kama wa chozi lililokauka. Hapo hakuna kufuta.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema wachoraji wa leo wameitupa mila. Mtazame Liu Kuo-sung, aliyezaliwa 1932 na kujijengea jina Taipei. Miaka ya 1960 alitangaza waziwazi kuwa anaasi utawala wa brashi. Akatengenezewa karatasi yenye nyuzi nene juu yake, akaipaka wino, kisha akazing'oa nyuzi. Kila ulipotoka uzi pakabaki mstari mweupe uliochanikachanika, kama theluji iliyonasa kwenye ufa wa mwamba. Wachoraji wa kale waliuacha weupe wa karatasi bila kuugusa, ukawa wingu, ukawa maji. Liu aliufukua weupe uleule kutoka chini ya wino. Kwangu huyo ni mjukuu wao halali, tena mjukuu aliyewasikiliza vizuri.

Kazi inayonigusa zaidi ni ya Qiu Zhijie, msanii wa China wa leo. Kati ya 1990 na 1995 alinakili dibaji maarufu ya mkusanyo wa mashairi iliyoandikwa na Wang Xizhi, bingwa wa hati nzuri wa karne ya 4, mara elfu moja, yote juu ya karatasi moja. Kunakili dibaji hiyo ndiyo shule ya wengi wanaojifunza hati nzuri. Yeye alitii mpaka karatasi ikawa nyeusi tii.

Niliwahi kujaribu kwa shairi fupi. Baada ya kurudia mara kadhaa sikuweza tena kusoma neno hata moja, lakini mkono ulijua njia: juu kwenda chini, kulia kwenda kushoto. Wino mbichi uling'aa kidogo juu ya ule mkavu, kwa hiyo kila alama niliiona kwa muda mfupi tu, kabla karatasi haijainywa.