Kitambaa cha Buluu Ukingoni mwa Mto: Kiacheni Kifanye Kazi

Ukiteremka mtoni pande za Arua, Koboko au Yumbe, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, huenda umekiona: kipande cha kitambaa cha buluu kilichoshonewa wavu mweusi, kimesimamishwa kwa vijiti ukingoni. Wapo wanaodhani ni alama ya wapima ardhi. Wapo pia, na hawa ndio wanaotuumiza kichwa, wanaokichukua wakafungie mzigo. Ule ni mtego wa mbung'o, na wavu wake una dawa ya jamii ileile inayotiwa kwenye vyandarua.

Mbung'o ndiye msambazaji wa malale, ugonjwa wa usingizi. Akitua utamjua: mabawa huyalaza moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na mdomo umenyooka mbele. Dume na jike wote hunyonya damu, tena mchana. Hupenda vivuli vya ukingoni, palepale watu wanapochota maji, kufua na kuoga. Buluu humvuta; akiugusa wavu, amekwisha.

Kitambaa cha sentimita 25 kwa 50 kitamaliza wadudu gani? Swali la haki kabisa, na jibu liko kwenye uzazi wake. Mbung'o hatagi mayai kwa mamia kama mbu. Jike hulea buu mmoja tumboni, humzaa baada ya siku 9 au 10, buu hujichimbia udongoni na kutoka akiwa nzi kamili baada ya mwezi hivi. Wakiuawa hata wachache tu kila siku, hawawahi kuziba pengo. Hapa West Nile, palipowekwa vitambaa hivyo mbung'o walipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ila dawa hupungua nguvu, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miezi sita hivi. Kikichukuliwa kabla ya hapo, mbung'o wa sehemu ile wanapata nafuu.

Mwanzoni mwa karne iliyopita malale iliua watu zaidi ya 200,000 Busoga na mwambao wa Ziwa Victoria. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya huku kaskazini-magharibi, ile inayomla mtu polepole kwa miaka, si tena tatizo la afya ya umma nchini. Hiyo haina maana kwamba vimelea vinavyoileta vimetoweka.

Na ipo ya pili, kwani Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili. Ile ya kusini-mashariki ni kali, huua ndani ya miezi michache, na hujificha kwa ng'ombe ambao mara nyingi huonekana wazima. Mlipuko wa Soroti mwaka 1998 ulitokana na ng'ombe walioletwa mnadani kutoka maeneo yenye ugonjwa. Mnunuzi, kabla hujalipa, uliza kama mnyama amechomwa dawa ya vimelea.

Homa isiyosikia dawa ya malaria, tezi za shingo kuvimba, usingizi wa mchana na kukesha usiku: nenda kituo cha afya. Ukifika, mwambie mhudumu ulikotoka na kama ulikuwa na ng'ombe. Kipimo cha haraka cha damu ya kidole kilitengenezwa kwa malale ya huku. Ile ya kusini-mashariki hutafutwa kwa hadubini, na asipojua umetoka huko huenda asiitafute.