Sanaa ya Japani ya leo si paka na katuni

"Sanaa ya Japani? Si zile katuni na vipaka?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na kila mara inaniuma. Machi 18, 2011, Japan Society, taasisi ya utamaduni wa Japani mjini New York, ilifungua maonyesho ya wasanii 16 yaitwayo Bye Bye Kitty!!!, jina lenyewe likimuaga Hello Kitty, paka wa kampuni ya Sanrio aliyebuniwa 1974. Msimamizi wake, David Elliott, ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Mori Art Museum ya Tokyo.

Tazama kazi moja tu humo, Ash Color Mountains ya Makoto Aida. Kwa mbali ni milima ya kijivu yenye ukungu, mithili ya michoro ya kale ya wino. Sogea. Milima inageuka kuwa watu: wanaume wa ofisini waliovaa suti, wamerundikana maiti juu ya maiti, viti na kompyuta zao vikiwa katikati yao. Uchumi wa Japani uliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ajira ya kudumu ambayo baba zao waliizoea ikawa ndoto kwa wengi. Mtu akiutazama mchoro huo karibu, sidhani atarudi kuniuliza habari za vipaka.

Wengine huamini kwamba Japani ya leo kila kitu hufanywa na mashine. Manabu Ikeda, naye mmoja wa wale 16, huchora kwa kalamu ya wino yenye ncha nyembamba kabisa, na siku nzima ya kazi humwachia sehemu iliyojaa yenye ukubwa wa kiganja. Mchoro wake Rebirth, wenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, alianza kuuchora 2013 katika jumba la makumbusho la Chazen, mjini Madison, Marekani, akaumaliza 2016. Katikati ya kazi alianguka akicheza mchezo wa kuteleza kwenye theluji, bega la kulia likateguka. Akaendelea kwa mkono wa kushoto.

Halafu kuna wanaosema vyombo, nguo na samani ni ufundi tu, havistahili kuwekwa ukuta mmoja na michoro. Mpaka huo si wa asili kwa Wajapani. Neno lao la sanaa, bijutsu, lilibuniwa walipokuwa wakijiandaa kwa Maonyesho ya Dunia ya Vienna ya 1873. Kabla ya hapo kazi nzuri ilikuwa kazi nzuri. Sisi tuliofunikwa kanga tangu utotoni, na viwanda vya Japani vilichapa kanga nyingi kwa soko la Afrika Mashariki, tungepaswa kulielewa hilo upesi.

Dhana ya mwisho ni kwamba maonyesho yale ya New York yalikuwa maombolezo ya tsunami iliyoipiga Japani mwezi huohuo. Yalifunguliwa siku saba baada ya tetemeko la Machi 11, lakini kazi zilikuwa tayari zimekwisha kutengenezwa. Chiharu Shiota, mzaliwa wa Osaka anayeishi Berlin tangu miaka ya 1990, alikuwa ametundika gauni refu jeupe la harusi. Mirija myembamba imelizunguka na kutapakaa hadi sakafuni, na pampu ndogo zinasukuma maji mekundu ndani ya mirija hiyo, taratibu, kama damu inayomtafuta mwenye gauni.